Breveti ya Nidhamu

Wakaaji wa Goma walitangaziwa, kwa tarumbeta moja na vipaza sauti viwili vibovu, kwamba tangu Jumatatu ile hakuna soda, yaani askari, wa kambi ndogo ya Keshero atakayeishi tena bila elimu. Koloneli Gauthier alikuwa amefungua Chuo cha Turathi za Kijeshi na Nidhamu Endelevu. Darasa lilikuwa moja, benchi nne, na picha tisa za Koloneli.

Kufundisha alipewa Adjudant Ndagijimana, miaka ishirini na sita jeshini, magoti mabovu. Alikabidhiwa kitabu alichokitunga Koloneli mwenyewe. Humo akajifunza kwamba jeshi halijawahi kukimbia waasi hata siku moja. Lilisonga mbele, ila mbele yenyewe ilikuwa upande wa Sake, waasi wakiwa nyuma.

"Mon colonel," aliuliza, "na ile mara tuliacha hata sufuria za maharagi kwa moto?"

"Ile ilikuwa mbinu ya kumuchelewesha adui. Andika."

Akaandika. Angefanya nini? Ukurasa wa mwisho ulikuwa na amri: soda yeyote, wa cheo chochote, asivuke barrière, kizuizi cha lango la kambi, bila breveti ya nidhamu, cheti cha chuo kile. Mlinzi atakayempitisha avuliwe cheo, na familia yake itoke kwenye nyumba ya kambi siku hiyohiyo. Mlinzi alikuwa huyohuyo Ndagijimana. Nyumba yake ya zamani ilimezwa na lava, na mke wake Uwimbabazi na watoto sita hawakuwa na pengine pa kulala. Basi aliogopa kitabu kile kuliko waasi wote.

Kisha volkano ya Nyiragongo ikatapika tena. Siku chache baadaye, asubuhi, mji mzima ukaamriwa uhame. Barabara ya Sake ikajaa magodoro, mbuzi, na wagonjwa juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao. Wake za masoda walisimama kando ya barrière, watoto mgongoni, bila gari. Jeep ya Koloneli ikafika imebeba friji, makochi, na picha zote tisa.

"Fungua, Adjudant! Mbio!"

Ndagijimana alishika mti wa barrière. Akifungua, amevunja amri. Asipofungua, amemkasirisha mwenye amri. Akamtazama Uwimbabazi na watoto, kisha akatazama friji, akanyoosha mkono.

"Breveti, mon colonel."

"Uko na akili kweli? Ni mimi nilianzisha chuo!"

"Ndiyo, mon colonel. Lakini hamukufanya examen. Swali ni moja tu."

Wanawake wakaanza kucheka. Koloneli akanyakua karatasi ya mtihani, akailaza juu ya boneti. Swali, alilolitunga mwenyewe ili apigiwe makofi, liliuliza: hatari ikija, nani anatoka wa mwisho? Akaandika upesi, herufi kubwa: KAMANDA. Akatia sahihi.

Ndagijimana alisoma jibu kwa sauti mbele ya kambi nzima.

"Mia kwa mia! Félicitations, mon colonel!" Akampa breveti, akapiga saluti, akageuka. "Friji ishuke. Bamama, mupande."

Hakuna soda aliyesita, kwani wote walikuwa wamefaulu examen ile. Uwimbabazi alikaa kwenye kiti cha Koloneli.

Saa tano kambi ilikuwa tupu. Koloneli alikuwa amekalia friji yake kando ya barabara.

"Papa, unangojea nini hapa?" akauliza mama muzee mmoja aliyekuwa akikokota godoro.

Koloneli akamwonyesha breveti.

Mama muzee hakujua kusoma. Alimtwika godoro, akatangulia.