Hatua Zangu Elfu Thelathini na Nane Zilizofutwa

Dagane Alio,
Dalali wa Ngamia,
Soko la Mifugo, Griftu,
Wajir Magharibi.

Kwa Mkuu wa Idara ya Michezo, Mazoezi na Jamii,
Chuo Kikuu, Nairobi.

Ndugu Mkuu wa Idara,

Assalamu aleikum. Ikiwa wewe si wa salamu hiyo, basi hujambo. Chagua unayoipenda, zote nimezitoa kwa moyo mmoja.

KUH: MALALAMIKO DHIDI YA TASNIFU YA BINTI YANGU MWENYEWE

Mimi ni baba yake Hani, mwanafunzi wenu wa mwaka wa nne. Nilipompeleka huko kwenu nilidhani anakwenda kusomea uuguzi. Alipofika mwaka wa pili ndipo nilipoambiwa kwamba anasoma michezo na jamii. Nikauliza, mchezo gani? Akasema yeye hachezi, anasoma kwa nini watu wanacheza. Nikauliza, na wasiocheza je? Akasema hao pia anawasoma. Nikanyamaza. Laiti ningejua kwamba wasiocheza ni mimi, nisingenyamaza.

Mwezi wa pili alirudi nyumbani kufanya utafiti. Aliwahoji watu arobaini wa hapa Griftu kwa karatasi ya maswali, kisha kila mmoja akavishwa mkononi kifaa mfano wa saa, cha kuhesabu hatua kwa siku saba. Juma lililopita amekuja na tasnifu iliyokwisha kuchapwa, kabla ya kuitetea mbele yenu, akawasomea watu matokeo yao katika baraza la chifu. Alisema hiyo ndiyo adabu ya utafiti. Ndugu Mkuu, adabu hiyo imeniacha sina pa kuuweka uso wangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Swali la kwanza lilikuwa la mtego. Hani aliniketisha kama mgeni, mimi baba yake mzazi, akauliza, "Aabo, kwa wiki moja unafanya mazoezi mara ngapi?" Nikajibu sifuri, na nilijibu kwa fahari. Hapa kwetu mtu mzima hakimbii bila sababu. Ukimwona mzee wa Griftu anakimbia, huulizi; unajua ngamia wameibwa, nawe unaanza kukimbia. Watu wote arobaini walijibu sifuri. Hata Guled, mchungaji wangu, ambaye hutoka na ngamia alfajiri akarudi machweo, na nyayo zake ni ngumu kuliko viatu vya askari, aliulizwa mara mbili akaapa kwamba hajawahi kufanya kitu kama hicho maishani mwake. Hani anadai huo ndio utamu wa kazi yake: watu wanasema sifuri, na kifaa kinasema mengine, kwa hiyo wasomi wanaotumia karatasi peke yake wamekuwa wakitukosea heshima miaka yote. Hapo nilimpigia makofi. Sikujua kuna ukurasa wa 47.

2. Kabla ya ukurasa wa 47 kuna jambo la jina. Nilipoulizwa jina nilimpa Hani jina langu, la baba yangu, la babu yangu, na mababu wengine kumi juu yao, bila kukwama, kama alivyofundishwa kila mtoto wa kwetu. Hata yeye anawajua, ni mababu zake. Aliandika nini? "Mhojiwa namba 14." Mababu kumi na wawili, Ndugu Mkuu, mmewageuza namba moja! Ngamia wangu wote wana majina na alama za ukoo zilizochomwa ubavuni, ila mimi mwenyewe nimeingia chuo kikuu bila jina wala alama. Anasema ni kwa ajili ya kuficha utambulisho wangu. Kisha akaendelea kusoma mbele ya baraza zima: "Mwanamume, miaka sitini na moja, dalali wa ngamia, mwenye matatizo ya goti la kulia." Madalali wa ngamia wa hapa tuko watatu. Mmoja ana miaka thelathini, mwingine magoti yake ni mazima. Watu wote waligeuka wakanitazama gotini.

3. Sasa ukurasa wa 47. Kifaa changu kilisoma hatua elfu thelathini na nane kwa siku moja. Narudia kwa wale wa nyuma: elfu thelathini na nane! Guled mwenyewe hakufika hapo. Na siku hiyo ilikuwa Jumanne, siku ya soko, ambapo nilikuwa nimeketi kwenye hoteli ya Nuh tangu chai ya kwanza hadi adhuhuri, jambo linaloonyesha wazi jinsi dalali anavyofanya kazi hata akiwa ameketi. Tunapopatana bei, mikono yetu iko chini ya kitambaa, vidole vinaongea, na jasho linatutoka. Isitoshe, kwa siku saba kifaa hakikuweza kusoma mapigo ya moyo wangu hata mara moja. Nikajua nina moyo mtulivu kupita wa wanariadha.

Hani alizifanya nini hatua hizo? Alizifuta. Ukurasa wa 47 una mstari mmoja tu: "Takwimu za kifaa cha Mhojiwa namba 14 zimeondolewa kwa sababu za kiufundi." Wenzangu thelathini na tisa wameokolewa na vifaa vyao. Mimi nimebakiwa na sifuri ya karatasi, pamoja na maelezo kwamba naketi saa nane kwa siku. Mtu ameokoa mji mzima akamwacha baba yake. Nasema wazi kwamba jambo hili limeniuma.

4. Madhara yameanza. Pale barazani Nuh alipasua kicheko, akasema kwa sauti ya kusikika hadi bomba la maji, "Wallahi, huyu namba kumi na nne iko na kiti yake kwa hoteli yangu, hata mbao imeshika umbo!" Tangu siku hiyo nikifika hapo anaagiza chai ya "Kumi na Nne". Chifu naye, kwa huruma, ameomba aletwe mwalimu wa mazoezi awarushe wazee kila Ijumaa, na ameniandika wa kwanza. Nirushwe, mimi, mbele ya wakwe zangu?

5. Fikirini mbele zaidi. Wanunuzi wa Garissa wana masikio marefu. Watasikia kwamba dalali wa Griftu haondoki kitini, watasema basi na ngamia anaowauza hawajatembea, nyama yao ni ya kivivu. Wakiacha kuja, soko litakufa. Soko likifa, barabara itaota miiba, na washindani wetu wa soko la Tarbaj watasema walituambia. Mpwa wangu Idman anaposwa mwezi ujao. Wajumbe wa mchumba wataulizia ukoo, wataambiwa ni ukoo wa sifuri. Wasomi wanaandika kwamba mchezo hujenga jamii. Nami naandika, bila digrii, kwamba kuusoma mchezo kunaweza kuibomoa jamii asubuhi moja, kabla ya chai ya pili.

Kwa hiyo naomba kwa heshima zote: tasnifu ya Hani irudishwe asiitetee Alhamisi ijayo, hatua zangu elfu thelathini na nane ziandikwe upya, kwa wino mzito, jina langu liwekwe pamoja na mababu wote kumi na wawili, na kama karatasi haitoshi nitaleta nyingine, na digrii yake izuiliwe hadi haya yatimizwe. Mimi ni baba, sipendi kusema hivi. Lakini ukweli ni ukweli, na mtafiti asiyeweza kuutunza ukweli wa nyumbani kwao atautunza wa nani?

Nisalimie walimu wote wa idara, makarani, walinzi wa lango, na yule kijana wa maktaba ambaye Hani humtaja mara nyingi kuliko inavyohitajika. Wazee wa Griftu wanawasalimu, isipokuwa Nuh. Ngamia hawajambo.

Wenu katika kutafuta haki,

Dagane Alio
(aliyewahi kuwa Mhojiwa namba 14)

N.B. Kabla ya kuifunga bahasha nilimpa barua hii Kaaha, mama yake Hani, anihakikishie kwamba ina makali ya kutosha. Aliisoma yote akiwa amesimama. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Dagane, ile saa ya Hani si ulifunga kwa shingo ya Adey?"

Adey ni ngamia wangu jike. Ni kweli, nilikifunga kifaa pale shingoni, kando ya kengele yake ya mbao. Mkononi kilikuwa kinaniwasha. Tena niliona kwamba miguu ya ngamia wangu ni miguu yangu, kwa kuwa ni mimi ninayemlipia maji. Siku ya saba nilikivua, nikakirudisha kwa Hani, nikamwambia, tazama baba yako.

Kaaha anasema Hani alikuwa anajua tangu siku ya pili. Alikwenda kisimani kuwahesabia wanawake ndoo za maji, akaona kijitaa cha kijani kikimulika shingoni mwa Adey. Hakunisema kwa mtu. Angeweza kuandika kwamba Mhojiwa namba 14 ni mwongo, mji mzima ukasomewa. Aliandika "sababu za kiufundi". Na pale barazani, watu walipokuwa wananicheka kwa ajili ya kiti, yeye alikuwa ameinamisha macho kwenye karatasi, nami nikadhani ni kwa kutojali.

Nimeelewa pia kwamba mkizirudisha hatua zile, atakayeitwa mwongo mbele ya jopo ni yeye, si mimi wala Adey. Kwa hiyo malalamiko ya 1 hadi 5 yafuteni. Msiirudishe tasnifu. Msizuie chochote. Jina pia liacheni. Nimegundua kwamba namba ina stara yake.

Ombi ni moja. Kaaha alinitolea kile kifaa kwenye begi la Hani, na jana, Jumatano, nimekivaa mwenyewe kutwa nzima. Kama bado kuna nafasi kwenye mstari wa 14, mwambieni Hani aujaze. Ni hatua elfu moja mia tisa na nne, na zote nimezipiga mimi.