Kiti Kilichoshushwa Bila Idhini Yangu

Ansgar Mwigulu,
Mwadui.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mashindano ya Baiskeli,
Mhunze.

YAH: KUPINGA USHINDI ULIOTOKANA NA KUSHUSHA KITI

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi, na kiti chako kiko pale pale ulipokiacha. Wengine hatuna bahati hiyo.

Jumamosi iliyopita kamati yako ilimtangaza Noela, mke wangu wa ndoa ya kanisani, kuwa mshindi wa mbio za wanawake kutoka Shinyanga mjini hadi Mhunze, ikamkabidhi mtamba wa ng'ombe mbele ya umati. Napinga. Sababu zangu ni hizi:

1. Baiskeli ni yangu. Niliinunua mimi, dukani kwa Jignesh pale Shinyanga, anapouza mitumba ya Ulaya. Ni baiskeli ya resi, tairi nyembamba, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume. Jignesh, mtu asiyejua heshima ya mteja, alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni (haikuchukua muda) akasema, "Baba Vumilia, aliyekuwa nayo alikuwa mrefu. Ngoja nikushushie kiti." Nilimjibu kwamba kimo changu ni suala kati yangu na Mungu, na kwamba sikuja kununua baiskeli ili muuza duka aivuruge. Huyo Mzungu aliyeipanda kabla yangu alikiweka kiti kule juu akiwa na akili zake timamu. Jignesh ni nani amkosoe?

2. Niliizoea kwa mateso. Pedeli nilizifikia kwa ncha za vidole, kiuno kikiyumba huku na huku, na usukani ulikuwa mbali kiasi kwamba nililala juu ya fremu kama mtu anayechungulia kisimani. Magoti yaliuma, viganja vikafa ganzi. Majirani walicheka, kwa sababu wasiojua mchezo wakiona maumivu hudhani ni makosa. Hata hivyo nilijiandikisha mbio za wanaume. Wiki ya mashindano mgongo ulikataa kunyooka, nikawa natembea nikitazama viatu vyangu. Je, kamati ilikuja kunipa pole? Haikuja.

3. Nikiwa kitandani nimepakwa dawa ya kuchua, Noela aliitoa baiskeli nje bila idhini. Kupitia dirishani nilimwona akiiegemeza ukutani, akapanda, akaweka kisigino kwenye pedeli, akaona mguu haufiki, akashuka, akakishusha kiti. Akapanda tena. Akakisogeza mbele kidogo. Kisha akaenda kwa Jignesh huyo huyo, akabadilishiwa shingo ya usukani akapewa fupi. Aliporudi nilimuuliza kwa nini anaharibu kazi ya kiwanda. Akasema, "Baba Vumilia, mimi nina mikono yangu na miguu yangu. Baiskeli ndiyo inifuate mimi." Mwenyekiti, umeyasikia? Leo baiskeli imfuate, kesho meza, keshokutwa mume.

4. Alishinda akiwa anatabasamu. Waliokuwepo wanasema alifika Mhunze na pumzi za kuwasalimia wazee, "Shikamooni," tena kwa sauti ya kawaida kabisa. Mchezo gani huo usioumiza? Mtu aliyeketi vizuri hajashindana, amesafiri. Na tangu siku hiyo mimi, mkuu wa kaya, naitwa Mume wa Noela sokoni. Mama mmoja muuza dagaa ameniuliza kama na mimi huwa najaribu kuendesha.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Mosi, baiskeli zote za mitumba ziendeshwe kama zilivyoshuka kwenye kontena, na anayetaka kurekebisha kitu ajirekebishe mwenyewe. Pili, viti vyote vichomelewe, chini ya usimamizi wangu. Tatu, mtamba apewe aliyeumia zaidi kwa ajili ya baiskeli hiyo, na mgongo wangu uko tayari kukaguliwa. Kamati ikikataa, itakuwa imetangaza rasmi kwamba kila mtu nchini anaweza kukaa anavyostarehe, na hapo sijui tutaheshimiana vipi.

Nisalimie wajumbe wote, hata yule wa kipaza sauti aliyelitaja jina la mke wangu kupita mahitaji. Wasalimie pia wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo.

Wako mwenye msimamo, ingawa nimeinama,

Ansgar Mwigulu

Nyongeza: Barua hii ilikosa mtu wa kuileta Mhunze, na kwa muda huo yametokea mengine. Noela amenitafutia baiskeli ya pili, yenye fremu ndogo. Jumapili baada ya misa aliishika nikapanda, akawa anakipandisha kiti na kukishusha mpaka nilipoacha kulalamika. Tulikwenda pamoja hadi Maganzo. Hakuna kilichouma. Nilimwambia ni kwa sababu barabara ni nzuri. Wakati wa kurudi aliniacha nyuma, na nilipofika njia panda nikamkuta ananisubiri, ameshika chupa ya maji ambayo hajaigusa. Alininyooshea mimi kwanza. Nilitaka kumwambia asante, nikasingizia pumzi. Kwa hiyo mbio zijazo, zile za Runzewe, zikitangazwa, tuandikisheni wote wawili. Na kama barua itawafikia kabla sijamwambia hiyo asante, tafadhali mwambieni ninyi.