Wasomaji wa Juzuu ya Kwanza

Jumatatu, 1 Septemba

Mradi wa mwisho wa uzamili umeanza. Miaka miwili nasomea ukutubi, na sasa wananileta kupangusa vumbi! Kazi yenyewe ni kupunguza vitabu katika maktaba ya mtaa hapa Shella, Malindi. Kitabu ambacho hakijaazimwa kwa miaka mitano kinatoka. Unafungua nyuma, unatazama karatasi inayogongwa mihuri ya tarehe, basi. Kwetu Ganze kazi hii tunaiita kupalilia, na hatuendi chuo kikuu kuisomea.

Nimepewa ukuta wa kushoto. Wa kulia kapewa Thuku, mwenzangu darasani, mtu wa bara anayetembea na rula mfukoni. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimetoa vitabu ishirini na saba. Yeye alitoa kimoja, akakirudisha. Kisha akanihubiria: eti kila kitabu kiorodheshwe, kiwekwe stoo, kisubiri msimamizi aidhinishe. Nikamwambia ahsante, mwalimu. Vyangu nilivitia guniani nikampelekea Kadii, muuza bajia wa pale kona, apate karatasi za kufungia. Naye atanipa bajia wiki nzima. Hiyo ndiyo huduma kwa jamii.

Jumatano, 3 Septemba

Daktari Mwambire, msimamizi wetu, amepiga simu kutoka chuoni Kilifi. Anakuja Jumatatu kukagua. Asipotia sahihi sihitimu Novemba, na Mama ameshatangaza kanisani, na mbuzi wa sherehe ameshateuliwa. Sikutishika. Mpaka alipouliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama kitabu chake bado kiko ukuta wa kushoto. Mpangilio wa Rafu Vijijini, Juzuu ya Kwanza.

Nakikumbuka! Miaka kumi na mmoja rafuni, hakina hata muhuri mmoja. Nilikitupa guniani huku nacheka, jina la mwandishi sikulitazama. Nikamjibu kwamba kipo, na tena kinapendwa sana. Hilo la kupendwa sijui lilinitoka vipi.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimechelewa. Kadii ameshafungia viazi karai kwa sura ya pili nzima. Waendesha bodaboda wameila na ukwaju. Kilichobaki kina alama za vidole vya mafuta kila ukurasa. Nilipokishika, akakivuta. Eti hajamaliza! Anasoma mafuta yakichemka, kisha ndipo anachana. Akanieleza kwamba mwandishi anakataza rafu kukaa karibu na dirisha, halafu mbele huko anaziweka dirishani yeye mwenyewe. Muuza bajia anamkosoa daktari wa falsafa. Dunia imekwisha. Ilibidi niahidi kumrudishia ndipo akakiachia.

Ijumaa, 5 Septemba

Mkutubi wa hapa, Bi. Pamela, alipokwenda kula mchana nilichukua muhuri wake wa tarehe. Nikagonga mara arobaini na moja, miaka yote kumi na mmoja. Kitabu kinachopendwa lazima kiwe na historia. Mkono unaniuma hadi begani. Thuku alipita akauliza ninagonga nini. Nikamwambia naua mbu.

Jumatatu, 8 Septemba

Ushindi! Daktari alifungua nyuma ya kitabu chake, akakaa kitini polepole. Akahesabu tarehe kwa kidole. Thuku, mchimvi yule, akauliza mbona kimeazimwa Jumapili mara sita na Krismasi mara moja. Daktari akamjibu kwamba mwenye kiu hachagui siku. Nilitaka kumkumbatia. Akaona mafuta: kumbe watu wanakisoma hata wakila! Akaona sura ya pili haipo: kumbe kuna aliyeipenda mpaka akaing'oa! Machozi yalimlengalenga. Niliona haya kidogo, yakapita.

Lakini sahihi hakutia. Anataka kwanza aonane na wasomaji hao, Jumamosi, hapahapa. Hata watatu wangemtosha, alisema, na sauti yake ilikuwa ya kuomba. Mzee mzima!

Bi. Pamela anautafuta muhuri wake. Nimemsaidia kuutafuta.

Jumatano, 10 Septemba

Wasomaji ni adimu mji huu. Jefwa, binamu yangu wa bodaboda, alisoma jalada akasinzia. Cindy wa saluni alikubali, kisha akauliza kama ndani mna mapenzi. Amebaki Kadii. Sikumtaka, ila ndiye pekee anayejua kilichomo. Nikampa maagizo: ajitande leso safi, asalimie vizuri, aseme amekisoma. Akauliza kama kuna uongo ndani yake, maana njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia hakuna, aseme ukweli mtupu. Hapo ndipo akili zangu zinapoonekana! Nimetunga uongo usiohitaji mtu kusema uongo.

Jumamosi, 13 Septemba

Msiba.

Cindy hakuja. Jefwa alikuja akalala. Kadii alimwamkia Daktari shikamoo, akaanza. Alisema sura ya tatu inarudia ya kwanza. Alisema dirisha lile halieleweki. Alisema habari ya mchwa ndiyo tamu kuliko zote, alimsomea mumewe nyumbani na sasa kabati lao limepona. Akauliza Juzuu ya Pili iko wapi. Daktari aliandika kila neno. Akasema amemngoja miaka kumi na mmoja mtu wa kumuuliza hivyo. Kisha, kwa furaha tu, akauliza alikiazima tarehe gani.

Kadii akasema hakukiazima. Akanitaja mimi, akalitaja gunia, akazitaja bajia. Akaeleza hata kwamba zilikuwa za kunde. Ukweli mtupu, kama nilivyoagiza!

Daktari hakufoka. Afadhali angefoka. Aliitazama mihuri yangu tena, mmoja mmoja, kisha akaibandua karatasi na kuikunja. Mradi wangu unaanza upya na mahafali ni mwakani. Kitabu akampa Kadii. Thuku alitiwa sahihi palepale, na rula yake. Ripoti yangu ya mradi iliachwa mezani hata bila kufunguliwa.

Nikampigia Mama. Akasema mbuzi watamla hivyo hivyo.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimetafakari kwa kina. Kosa ni la Thuku. Angeniambia mapema kitabu ni cha nani, haya yasingetokea. Kuhusu yeye kutokujua pia, hiyo si hoja.

Nilikwenda kwa Kadii kumweleza alivyoniharibia maisha. Hakuwa na nafasi. Daktari amemletea mswada wa Juzuu ya Pili aupitie kabla haujachapwa, naye alikuwa akipiga mistari kwa kalamu nyekundu. Alinifungia bajia bila kuniangalia. Karatasi ilikuwa nyeupe, mpya kabisa. Ukurasa wa tatu wa ripoti yangu! Eti aliikuta mezani Jumamosi, akaisoma yote, haikuwa na kitu.

Niliondoka kwa hasira hatua kumi. Halafu nikarudi, nikakaa kwenye benchi lake na daftari. Kufikia alasiri ripoti yangu ilikuwa imetoka na watu kumi na wanne, ukurasa kwa ukurasa, bajia ndani. Kumi na wanne, siku moja! Kitabu cha Daktari kilifika wapi? Hizi ni takwimu halali, nimezihesabu kwa macho yangu, na ndizo zitakazofungua mradi mpya. Zinakosa tarehe tu, na muhuri bado ninao.