Kapteni wa Timu ya Ziwa na Mpakani

Mheshimiwa Bwana Mkuu wa Wilaya, ambaye angekuwa nasi leo kama asingekuwa mahali pengine. Mheshimiwa mwakilishi wake, ambaye kiti chake mnakiona hapa mbele kikiwa kimefunikwa kitambaa safi. Waheshimiwa Madiwani wa ufukweni, wa barani na wa mpakani. Machifu, Manaibu wa Machifu, na wale ambao vyeo vyao bado vinajadiliwa. Wachungaji wa madhehebu yote, mlioketi kwa mpangilio ambao ofisi yangu iliuandaa kwa wiki mbili ili pasiwe na dhehebu hata moja lililo nyuma ya jingine. Mzee Walter, Makamu Mwenyekiti wa Kamati. Akina mama wa soko la samaki. Mabibi na mabwana: hamjambo? (Hatujambo.) Hamjambo tena? (Hatujambo, Madam! Taja jina!)

Jina litakuja. Mimi, Phelesia Adoyo, Kaimu Mratibu wa Michezo ya Ziwa na Mpakani, mwenye shahada ya chuo kikuu na hati ya ziada ya utawala wa ofisi, nasimama hapa Homa Bay alasiri hii ya Jumamosi, mwaka huu wa 1966, nikiwa na swali ambalo nimepambana nalo kwa miezi kumi na minne, nalo ni hili: kapteni anayefaa wa timu ya mpira huchaguliwaje? Je, ni yule anayecheza vizuri kuliko wenzake, au ni yule ambaye wenzake hucheza vizuri akiwapo? Nililiuliza swali hili kwa mara ya kwanza katika memoranda ya kurasa thelathini na moja, na nakiri kwamba nilipofika ukurasa wa thelathini na moja nilikuwa nimelisahau, ikanibidi nirudi ukurasa wa kwanza kulitafuta. (Kicheko.) Asanteni. Mahali hapo niliandika pembeni: wacheke kidogo.

Kwa faida ya wageni, na kwa kuwa utaratibu unataka hivyo, niruhusuni niwaeleze jambo linalomgusa kijana mmoja aliye miongoni mwetu. Bwana Cephas, yule pale kwenye benchi la mwisho, mwenye sanduku la bati magotini, ni kiungo wa kati, mwana wa pili wa Mama Zilpah wa soko la samaki la Mbita. Timu moja ya Nakuru imemwandikia barua kwamba ina nafasi yake uwanjani na kazi yake karakanani, mradi aripoti Jumatatu asubuhi. Barua kama hiyo ilimfikia mwaka jana pia, naye hakwenda, kwa sababu ofisi yangu ilimwandikia kwa nakala tatu kwamba asubiri, kwa maana uteuzi wa kapteni ulikuwa katika hatua nyeti. Alisubiri. Hatua ikaendelea kuwa nyeti. Leo ameniambia mlangoni kwamba nikimtaja kuwa kapteni atabaki nyumbani, na nisipomtaja atapanda basi la Kisii la saa kumi, na kwamba mara hii hataki nakala, anataka neno moja tu.

(Cephas: "Madam, ni saa tisa na nusu.")

Ni kweli, Bwana Cephas, na nakushukuru kwa takwimu hiyo. Tuna muda wa kutosha kwa utangulizi.

Ndugu wananchi, Kamati ya Uteuzi wa Kapteni ilikutana mara sitini na tatu. Kati ya mikutano hiyo, arobaini na mmoja ilifikia akidi, kumi na tisa ilijadili maana ya akidi, na mitatu haikumbukwi. Ziliundwa kamati ndogo kumi na moja, na kamati ndogo mbili zikazaa kamati ndogo zaidi ambazo, kwa mujibu wa Katibu wetu, Bibi Mellen, zinaendelea kukutana mahali ambapo hajaambiwa. Kwa ujumla, projekti hii imekamilika kwa asilimia tisini na nne nukta tano. (Makofi machache. Sauti ya mwanamke: "Hiyo nukta tano ndiyo nini?") Hiyo nukta tano, mama, ndiyo iliyotuchukua mwaka mzima, nami sasa naomba kuieleza.

Mnafahamu desturi ya nyumbani. Kaka mkubwa huoa kwanza, hujenga boma lake kwanza, hupanda mbegu kwanza, na mdogo wake hamtangulii katika lolote kati ya hayo, la sivyo chira huwapata, mikosi ile inayodhoofisha watu pasipo daktari kujua ugonjwa. Sasa basi, kapteni ni mtu anayetangulia. Huingia uwanjani mbele ya wenzake, nao humfuata kwa mstari. Na Bwana Cephas ana kaka yake, Bwana Javan, beki wa kulia, ambaye hajaoa wala hajajenga. (Sauti: "Aoe basi!" Javan: "Nioe leo kwa ajili ya mpira?") Mzee Walter alisimama katika mkutano wa pili, nami nanukuu kutoka minitsi zilizoandikwa siku hiyo: "Binti yangu, shahada yako naiheshimu, lakini huyu mdogo akiongoza mkubwa wake mbele ya macho ya watu, na kesho mkubwa apate homa, utakwenda kumtibu na hiyo shahada?"

Mtu aliyesoma, akikosa jibu, huunda kamati ndogo.

Kamati hiyo ndogo ilipendekeza kwamba timu iingie uwanjani ikiwa imejipanga ubavu kwa ubavu, watu kumi na mmoja kwa mara moja, na ikabainika kwamba lango la uwanja lina upana wa watu wawili. Ikapendekeza waingie wakitembea kinyumenyume, ili aliye wa mwisho awe ndiye wa kwanza, na wajumbe wakajaribu pale nyuma ya ofisi, na Bwana Nicodemus, mjumbe wetu kutoka mpakani, akaanguka ndani ya mtaro na kujiuzulu akiwa humo humo. Mimi niliona pendekezo hilo kuwa la kitaalamu sana. Ndimi niliyelitoa. (Kicheko kirefu.)

Ndipo Mama Zilpah, aliyekuwa amekuja ofisini kwa jambo jingine kabisa, la kuuliza kwa nini mwanawe anaandikiwa barua nyingi kiasi hicho, alitia kichwa mlangoni na kusema: "Javan aingie wa kwanza na mpira mkononi. Wakishafika ndani, Cephas aseme. Si hivyo ndivyo tunavyofanya nyumbani? Mkubwa anakaa kiti, mdogo anapiga kelele." Mchango huo ulipokelewa kwa shukrani na kuandikwa chini ya Mambo Mengineyo, kwa kuwa mama huyo hakuwa mjumbe, na kwa kuwa mpira wenyewe ulikuwa bado katika hatua ya maombi.

(Zilpah, kutoka katikati ya akina mama: "Hiyo nilisema mwaka jana, Madam! Mvua za kwanza!")

Mwaka jana, mama, ndivyo. Tarehe iko kwenye faili.

Kadhalika tuliwasaili watahiniwa. Niliandaa maswali arobaini, miongoni mwayo lile la kumi na nne ninalojivunia mpaka leo: "Fafanua uongozi, kisha ueleze kwa nini ufafanuzi wako hautoshi." Bwana Javan alilitazama swali hilo kwa nusu saa, kisha akauliza kama anaweza kuandika jina la mdogo wake na kwenda kukamua ng'ombe. Tukampa alama mbili kwa unyoofu. Bwana Gisiri, mlinda lango, aliyefika kwa lori la mahindi kutoka ng'ambo ya Migori akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, nilimsaili mimi mwenyewe, na mazungumzo yetu yalikuwa kama ifuatavyo.

Nilimwuliza: "Bwana Gisiri, ukiwa kapteni, utatekeleza sera gani?"

Akasema: "Madam, mimi nakaa golini. Siku ile ya soko pale Ndhiwa, tulipocheza na wale vijana wa lori, tulifungwa mawili kabla watu hawajakaa. Halafu huyu Cephas akaanza kupiga makelele. Wewe rudi, wewe panua, Gisiri acha kulala. Hata alinitukana kidogo. Tukashinda matatu kwa mawili."

"Kwa hiyo alikutukana?"

"Vizuri sana. Na alipokosea yeye, alijitukana kwa sauti ile ile."

"Lakini kwenu mpakani, mtu wa rika la chini aweza kumwamuru mtu wa rika lako?"

"Kwetu hapana. Lakini nikiwa golini, Madam, sina nafasi ya kuuliza rika. Mpira unakuja."

Kamati iliandika kwamba mtahiniwa hakuonyesha tamaa ya uongozi na hana upeo wa kisera. Nilitia sahihi. Na usiku wa siku hiyo sikufurahia chakula changu, kwa sababu niliona kwamba mtu aliyesafiri juu ya magunia alikuwa amejibu memoranda yangu yote kwa maneno yasiyojaza karatasi moja, ila nilijiambia kwamba jibu la haraka namna hiyo haliwezi kuwa na ushahidi wa kutosha, nikaitisha mkutano wa ishirini na tisa.

(Honi ya basi, nje. Cephas anasimama. "Madam. Ndiyo au hapana?")

Bwana Cephas, tafadhali. Tumefika kwenye ukurasa wa tisa kati ya kurasa kumi na moja, na kanuni zinasema matokeo hayatangulii Shukrani kwa Wafadhili. (Sauti: "Mwambie!" "Mwambie huyo kijana!" Gisiri, kutoka dirishani: "Omera, ndugu yangu, ukiondoka nani atanitukana?" Kicheko.) Nawaomba utulivu. Wafadhili wetu, ambao hawakutoa chochote, walikitoa kwa moyo mkunjufu…

(Honi mara ya pili. Zilpah: "Nyathina, mwanangu, huyu dada hatamaliza. Nenda. Nenda, nitakuletea dagaa wa omena Nakuru!" Javan anachukua sanduku la bati, analitia begani, anamfungulia mdogo wake mlango. Cephas anaupa mkutano mgongo. Wanatoka. Basi linaondoka.)

…kwa moyo mkunjufu.

Ndiyo. Naam. Ukurasa wa kumi.

Ndugu wananchi, baada ya tafakari ya kina, Kamati kwa kauli moja, Mzee Walter akiwemo, imepitisha utaratibu mpya ambao ni zao la utafiti wetu wenyewe, kwamba beki wa kulia ataingia uwanjani wa kwanza akishika mpira, na amri zote za mchezo zitatolewa na mdogo wake. Hivyo basi, kwa mamlaka niliyokaimishwa, namtangaza kapteni wa kwanza wa Timu ya Ziwa na Mpakani kuwa ni Bwana Cephas. (Sauti moja: "Madam, ameenda.") Nimeona. (Mzee Walter, kwa sauti ya chini: "Binti yangu, keti.") Nitaketi, Mzee, zimebaki kaulimbiu.

Kapteni kwanza! (Hakuna jibu.) Kapteni kwanza! (Mtu mmoja: "Timu baadaye!") Ziwa na Mpakani! (Watatu au wanne: "Mbele!") Uratibu! (Hakuna jibu.) Basi, imetosha.

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru wachezaji wetu wote, ambao hawakuwahi kusajiliwa, kwa kuwa kanuni niliyoitunga ilisema wachezaji watateuliwa na kapteni, na nyingine niliyoitunga wiki iliyofuata ilisema kapteni atathibitishwa na wachezaji. Naushukuru uwanja wetu wa Mbita, ambao ziwa liliufunika tangu zile mvua kubwa za mwaka 1961, na ambao Kamati ya Viwanja iliukagua kwa mtumbwi na kuuona kuwa tambarare. Nawashukuru wageni wetu wa Kisii waliokuja Agosti kwa mchezo wa kirafiki, wakatukuta mkutanoni, wakajigawa wao kwa wao timu mbili, na kucheza mpaka jua likazama. Jezi, mpira, kocha, ratiba: navishukuru vyote kwa uvumilivu wa vitu ambavyo havikuwapo. Hatukuwa na timu, mabibi na mabwana. Hatujawahi kuwa nayo hata siku moja. Tulikuwa na vijana waliocheza pamoja siku moja ya soko, na mtu mmoja aliyewapigia kelele, na mimi nikaona kwamba jambo hilo linahitaji ofisi.

Lile swali langu la mwanzo bado halijajibiwa, kwa sababu kapteni hupimwa kwa mchezo, na mimi sikuandaa mchezo hata mmoja. Lakini liko jingine ambalo limenijia hapa hapa, nikiwa nimesimama. Jina hili lilipitishwa Jumanne. Ningeweza kulitaja katika sentensi yangu ya kwanza, au pale mlangoni, na kijana yule angeliweka chini sanduku lake na kubaki kuongoza kitu kisichokuwapo. Kwa nini sikulitaja? Ningependa kuamini, na nadhani katika ripoti nitaandika hivyo, kwamba ndani ya moyo wangu nilijua Nakuru kuna uwanja mkavu na watu kumi wanaomsubiri, na kwamba nilirefusha maneno makusudi ili aende. Ni maelezo mazuri, nayo yananipendeza mno, ndiyo maana nayashuku. Kwa maana hotuba hii, kurasa zote kumi na moja, ilipigwa chapa Jumatano, na habari ya basi nimeisikia leo.

Asanteni kwa kunisikiliza. Mama Zilpah, tafadhali usiondoke kwanza. Nakuja huko uliko.