Kiti cha Sharubu na Mpaka wa Wilaya

Jumatatu, 4 Machi

Nimeshtakiwa. Mimi, kinyozi, mtu wa watu, kisa kiti! Kweli nilikichukua. Lakini Sharubu ndiye aliyenichokoza. Kafungua saluni ng'ambo ya barabara, kaweka kiti cha kukanyagia, kinapanda na kushuka. Wateja wangu wote wakahamia kwake kwenda kupandishwa na kushushwa. Mimi nikabaki na kiti cha plastiki na nzi.

Alipokwenda kumwona mgonjwa mchana, nikakipakia kwenye mkokoteni na kukivusha hadi kwa shangazi. Nilimwambia nimekinunua. Akanipongeza, akakiweka chumbani kwake. Polisi hawajui kilipo. Shahidi wao ni muuza maji tu, aliyeniona nikisukuma mkokoteni.

Hakimu ni mama mkali wa miwani. Nimepata dhamana. Mdhamini, shangazi.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata dawa! Barabara yetu ndiyo mpaka wa wilaya mbili. Saluni ya Sharubu iko mashariki, nyumba ya shangazi magharibi. Hakimu wa magharibi ni mzee mpole, wanasema husamehe mpaka anajisahau. Kila mahakama ina eneo lake. Nitasema huyu mama hana mamlaka ya kusikiliza kesi yangu.

Mke wangu kauliza kama si afadhali nirudishe kiti na kuomba radhi. Hajui sheria, maskini.

Ijumaa, 8 Machi

Balaa. Nilisimama, nikakohoa kiwakili, nikasema, "Mheshimiwa, kiti hakiko wilaya yako. Kiko magharibi, chumbani kwa shangazi yangu, karibu na dirisha."

Mwendesha mashtaka akanitazama kwa upendo. Hakimu akavua miwani. Akanieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba kesi husikilizwa pale kosa lilipotendeka, na wizi ulitendeka kwa Sharubu, mashariki. Mahakama ya kule mali ilikofichwa nayo inaweza kuisikiliza, lakini hilo halimnyang'anyi yeye mamlaka. Kisha akanishukuru kwa kusaidia upelelezi.

Jioni wamemchukua shangazi. Kupokea mali ya wizi. Alitoka nyumbani na viatu visivyofanana. Dhamana yangu nayo imefutwa, maana mdhamini wangu sasa ni mshtakiwa wa pili.

Jumatatu, 11 Machi

Rumande. Ukuta unanuka unyevu, nami nanuka ukuta. Nimemwona shangazi kwenye benchi la kusubiri, amekuwa mdogo kama amefuliwa. Nikamwahidi kwamba nitamtoa. Hakugeuza hata shingo.

"Nimekulea kwa mikono hii, mwanangu," akasema. "Sasa niache nishtakiwe kwa amani."

Nimelia. Kisha nikapata wazo. Mlevi mmoja, mzoefu wa humu, anasema mahakama ndogo haziruhusiwi kugusa kesi kubwa. Basi nitakikuza kiti.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeshinda. Laiti ningeshindwa! Nilisema kiti kimetoka ughaibuni, dunia nzima viko viwili, thamani yake haisemeki. Sharubu alikinunua mnadani kimeshaanza kutoka sponji, mtaa mzima unajua. Akaulizwa kama ninayosema ni kweli. Akakuna shingo, akafikiri kidogo, akasema ni kweli tupu.

Hakimu akakubali kwamba kesi imezidi uwezo wake. Imepandishwa mahakama ya juu. Nikamuuliza askari tofauti ni nini. Akasema huyu mama asingeweza kunifunga zaidi ya mwaka. Wa juu anaweza kunifunga mpaka nisahau njia ya nyumbani. Na shangazi yumo humo humo kwenye shtaka. Alisikia, akakaa chini sakafuni, wakamnyanyua watu wawili. Mke wangu akafunga mkoba wake, akatoka bila kuaga.

Jumamosi, 16 Machi

Giza tupu. Nikifumba macho namwona shangazi sakafuni.

Lakini mlevi ananiambia watoto wana mahakama yao, na huko hakuna kupelekwa gerezani. Mama yangu mzazi hana hakika nilizaliwa mwaka gani. Upara nitauficha kwa kofia. Tatizo ni ndevu. Nimeomba wembe, askari amekataa. Nang'oa kwa vidole. Nimeanza na kidevu.