Mbuzi Wanne na Maneno Kumi na Mawili

Jumatano, 18 Septemba 2024

Leo nimekuwa tajiri. Mali bado haijaonekana kwa macho, lakini imo ndani ya simu.

Naandika maelezo kwa faida ya wajukuu. Yusra, mke wangu, alinikabidhi hela yote ya mahindi nikanunue bati Korogwe. Nyumba yetu hapa Handeni imeezekwa nyasi, na upande wa chumbani ni turubai lililokwishachoka. Vuli iko njiani. Nafika dukani, bati za kipimo chetu zimekwisha, hadi mwezi ujao. Mtu wa kawaida angerudi na hela nyumbani. Mimi nikajiuliza: hela ikae tu muda wote huo, haina kazi? Nikanunua sarafu za mtandao. Zote. Bati zikifika nauza sarafu, nalipa bati, faida inabaki kwangu. Yusra nimemwambia hela iko mahali salama. Sijasema uongo, nimesema kwa ufupi.

Pochi ya sarafu ni programu ndani ya simu. Wakati wa kuifungua ilinipa maneno kumi na mawili ya Kiingereza, yamepangwa, ikanionya niyatunze. Simu ikipotea, unachukua nyingine, unaandika maneno yale kwa mpangilio uleule, pochi inarudi na vyote vilivyomo. Maneno yakipotea, hakuna wa kumlilia. Nimeyaandika kwenye kipande cha boksi la sabuni, nimekiweka chini ya mto. Nitalala vizuri sana.

Ijumaa, 20 Septemba

Sikulala. Panya. Boksi limeliwa pembeni, amebakiza kidogo afike kwenye neno la tisa.

Nimekwenda kwa Muhsin, fundi simu wa pale stendi. Sikupenda. Muhsin ana kitambi, ana kiti cha kuzunguka, na ana tabia ya kukushauri kwa sauti ili wateja wa vibanda vya jirani nao wafaidike. Nikamwambia nauliza kwa niaba ya rafiki. Akacheka. Akasema huyo rafiki ayaandike maneno yote kumi na mawili mara mbili, aweke sehemu mbili tofauti. Asiyapige picha. Asimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha ni nani. Akiweza ayachonge kwenye chuma, maana chuma hakiungui wala hakiliwi. Na kabla hajaweka hela ajaribu kuirudisha pochi kwa maneno hayo, aone kama inarudi kweli. Akamalizia, mbele ya watu, kwamba huyo rafiki ana bahati kupata mjumbe msikivu kama mimi, Mhina. Watu wakacheka na wao. Nimemchukia upya.

Lakini hilo la chuma nimelichukua.

Jumapili, 22 Septemba

Nimepata! Akili hii ingekuwa ya mtu mwingine, ningemwonea wivu.

Tatizo lilikuwa mahali. Nyumba inaungua. Shimo linafukuliwa na mvua. Kabati lina Yusra. Sasa ni kitu gani kinachojua kukimbia moto, kinapanda mlimani maji yakija, na kinalindwa kutwa na watu wenye fimbo? Mbuzi aliyeko kwenye zizi la Mmasai.

Nina mbuzi wanne. Nimechukua kifuniko cha sufuria kuukuu, nikakikata vipande vinne, nikachonga kwa msumari maneno matatu kila kipande, na vialama pembeni kuonyesha kipi kinatangulia. Kila kipande nikakishona ndani ya mkanda wa ngozi, nikamvalisha mbuzi shingoni. Muhsin anasema sehemu mbili. Mimi nimeweka sehemu nne. Nimemzidi mara mbili. Boksi la sabuni nimelichoma moto.

Kisha nikawaswaga hadi Misima kwa Lekakeny, mfugaji tuliyefahamiana mnadani. Nikamwomba awachunge pamoja na wake. Mikanda sikumwambia habari yake, siri ni siri. Akaanza kuulizia ujira wa kuchunga. Hapo nikautumia ulimi wangu: nikamwambia kati yangu na yeye hakuna ujira, mbuzi hawa ahesabu ni wake. Lekakeny akaiweka fimbo yake chini. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, machozi yanamlengalenga. Akasema kuanzia leo mimi ni Pakine wake na yeye ni Pakine wangu. Lazima ni cheo. Mkewe, Nailantei, akaniletea maziwa ya kibuyu. Sijawahi kukwepa gharama kwa heshima kubwa namna hii.

Yusra anauliza kifuniko kilipo. Nimesema kaazima jirani.

Jumatano, 25 Septemba

Nimeandikiwa ujumbe na Hilaria, afisa wa huduma kwa wateja. Picha yake nzuri, amevaa vile vitu vya masikioni. Anasema pochi yangu imeingiliwa na wezi, nimtumie maneno yote kumi na mawili haraka ailinde. Mwanamke mwenye adabu, ameanza na “mpendwa mteja”.

Ningempa palepale, lakini ninayo wapi? Nikamjibu: dada Hilaria, nivumilie, maneno yapo kwa mbuzi na mbuzi wapo malishoni. Akauliza mbuzi gani. Nikamweleza yote, mikanda, Misima, yule mweupe anayependa kujitenga na wenzake. Akaandika, “Mzee, usinitanie.” Nikaapa. Akanifungia nisimwandikie tena. Huduma kwa wateja bado sana.

Ila amenifikirisha. Kama wezi wanaingia kwenye simu, pochi inatafuta nini kwenye simu? Nimeifuta. Mwizi akija atakuta tochi na picha za harusi ya shemeji. Siri yote sasa iko porini inakula majani. Nimepita mbele ya kibanda cha Muhsin zaidi ya mara moja nikipiga mluzi.

Ijumaa, 4 Oktoba

Bati zimefika Korogwe na zinagombaniwa. Yusra kapigiwa simu na mwenye duka mwenyewe. Ameshaongea na fundi, Isaka. Ameshatoa vyombo chumbani. Ameshatazama mawingu. Akaniambia, “Baba Shamsia, mwaka huu nisilale nimekumbatia beseni.” Hakufoka. Angefoka ningejua la kujibu. Mwaka jana alilala hivyo kweli, turubai likivuja, nami nilijifanya nimesinzia.

Nikamwambia hela ipo, inarudi tu kutoka malishoni. Akadhani nafanya mzaha.

Jumamosi, 5 Oktoba

Misima. Nimefungua mikanda mitatu, nimenakili maneno tisa, safi kabisa. Mbuzi wa nne, yule mweupe, hayupo.

Lekakeny akanieleza kwa furaha kwamba amempa mzee Lengai wa Hale, aliyemsaidia wakati wa ukame. Nikasema lakini yule ni mbuzi wangu. Nailantei akakiweka chini kibuyu alichokuwa ananiletea.

Lekakeny akanifahamisha taratibu. Kwao, ukimpa mtu mbuzi kwa mapenzi, mnaacha kuitana majina. Mnaitana Pakine, maana yake mbuzi amesimama kati yenu, hadi kufa. Yeye hajawahi kupewa mbuzi na Mzigua hata mmoja. Mimi nilimpa wanne kwa siku moja. Ameshautangazia ukoo. Kuna mzee alitembea kutoka mbali kuja kuuliza kama ni kweli.

Kwa hiyo sina mbuzi. Nimetoa mbuzi wangu wote ili nisilipe ujira wa kuwachunga.

Nikasema nilikuwa natania. Nailantei akakiinua kibuyu, nikanywa.

Jumapili, 6 Oktoba

Hale. Mzee Lengai anakaa mbele kidogo ya nyumba za wafanyakazi wa umeme. Shikamoo, marahaba, nikamwona mbuzi mweupe, amenenepa kuliko nilivyomwacha. Nikamkumbatia shingo. Mkanda mtupu.

Ruthi, mke wa mzee, akaeleza huku akicheka. Aliugusa mkanda akahisi kigumu ndani, akafumua, akakuta bati zuri linalong'aa. Akamshukuru Mungu, maana alikuwa anatafuta vya kuning'iniza kwenye ushanga wa binti yao Naomi, anayeolewa Jumamosi Korogwe. Amelikata vipande vitatu. Naomi na ushanga wake wako kwa shangazi, na bibi harusi haonekani na wageni mpaka siku yenyewe. Nikauliza kama naweza kupata picha ya shingo tu. Ruthi akaacha kucheka.

Mzee akasema Pakine wa Pakine wake hahitaji picha, anakaribishwa harusini. Nyumbani nikamwambia Yusra fundi asubiri kidogo, kuna mtu naonana naye Jumamosi. Hakuuliza nani. Alitazama turubai.

Jumamosi, 12 Oktoba

Siku kuu! Nimevaa koti langu na miwani ya kusomea.

Naomi alitoka kanisani akaingia ukumbini na shela jeupe, ushanga mpana juu yake, na katikati kifuniko cha sufuria yetu, kinang'aa kuliko kitu chochote ukumbini. Kutoka meza ya nyuma sikuona hata herufi. Nikasubiri wakati wa kutunza. Muziki, foleni, unacheza hadi mbele, unaweka noti, unacheza kurudi. Mzunguko wa kwanza nimesoma neno moja. Nikaingia tena kwenye foleni, nikasoma la pili. Mshereheshaji akanitangaza kwenye kipaza sauti kwamba mzee wa Handeni ana upendo usio wa kawaida. Vigelegele. Nikaingia tena.

Kipande cha tatu kimegeuka, maandishi yanatazama shela. Nikainama. Nikanyoosha kidole. Bwana harusi, Lenku, kijana mrefu sana, akasimama. Ndugu zake wakasimama naye, warefu vilevile. Muziki ukazimwa.

Akilini nikamwona Yusra na beseni lake. Nikatangaza kwamba nataka kumwombea dua binti. Minong'ono. Mzee Lengai akasema kwa sauti nzito, “Mwacheni, huyo ni Pakine.” Nikakishika kipande kwa vidole viwili, nikafumba jicho moja, nikaanza. Nikamwombea watoto, nikakigeuza kidogo. Nikaombea mvua na ng'ombe, nikakigeuza kikageuka. Mwanga hautoshi. Nikaombea wakwe wa pande zote mbili, wafanyakazi wote wa umeme wa Hale, na wasafiri, huku nasogeza miwani. Nikasoma. Nikasema amina, ukumbi mzima ukaitikia. Mchungaji akanipa mkono. Ruthi alikuwa analia, akasema hajawahi kusikia mgeni akimwombea mtoto wake kwa bidii namna ile.

Nauli yote imeishia kwenye foleni. Nimerudi Handeni juu ya lori la machungwa nikiyaimba njia nzima yale maneno matatu nisiyasahau, kwa sauti ya kwaya niliyoitunga mwenyewe.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimepakua pochi, nimeandika maneno. Imekataa. Ruthi alipokata hakujali lipi linatangulia, na mimi nilisoma kwa jinsi yalivyoning'inia. Nikabadilisha, ikakataa. Nikabadilisha tena, ikakataa tena. Yusra yuko uani, anamwambia Isaka kwamba mimi ni mtu wa maneno mengi lakini sijawahi kumwangusha. Jasho linadondokea kwenye kioo. Nikamwahidi Mungu mambo ambayo siyaandiki hapa.

Ikafunguka. Sarafu zote zipo, na zimepanda kidogo! Nimelia waziwazi. Yusra akaingia mbio akauliza nani kafa. Nikasema hakuna, ni furaha ya bati. Akanitazama, kisha akaanza kulia na yeye, bila kujua kilichotokea. Nimeuza. Hela imeingia. Kesho Korogwe.

Jumatano, 23 Oktoba

Paa limekamilika juzi, mvua imekuja alfajiri ya leo. Tumelala chali tukiisikiliza. Beseni liko jikoni, kazi yake ni kufulia tu. Yusra akasema, “Umetutendea mema, Baba Shamsia.” Sijawahi kuwa na furaha kama hii tangu nizaliwe.

Na nimejifunza. Siri isikabidhiwe chenye miguu. Ile faida iliyobaki nimeiwekea pochi mpya, maneno mapya, na safari hii nimeyachonga yote kumi na mawili kwenye bati moja, upande wa juu, ambako hakuna msomaji ila kunguru. Paa haligawiwi kwa rafiki. Nikaliingiza katikati ya bati za Isaka kimyakimya, alipigilie juu ya chumba chetu. Pochi kwenye simu nimeifuta, kama kawaida yangu.

Jioni hii Yusra karudi na mchele na nyama. Nikauliza hela katoa wapi. Akasema Isaka alilikuta bati moja lina mikwaruzo ya msumari, akalikataa, akalibadilisha na la akiba. Yeye kalipeleka stendi, kamuuzia Muhsin aezekee kibanda. Alidhani Muhsin atataka punguzo. Badala yake kavaa miwani, kalitazama muda mrefu, kalipa bei ya bati zima bila neno, na kafunga kazi mapema.

Nimecheka hadi Yusra akaniletea maji. Masikini Muhsin! Mjanja wa stendi nzima, kauziwa bati bovu kwa bei ya zima. Kesho nitaazima ngazi niende kulisoma kwa nafasi yangu. Sina haraka.