Sanduku la Barua la Mama Geneviève

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa tatu
Mama Geneviève, mkurugenzi wetu, ametangaza kwamba hatutasoma tena barua pepe za chama kwenye simu. Kila kompyuta ya biro, yaani ofisi yetu, itawekewa programu ya barua na kuunganishwa na seva. Akauliza nani anajua kazi hiyo. Nikasimama kabla hajamaliza. Sijui kitu! Lakini Néhémie, mhasibu tuliyeletewa kutoka Aru na mashati yake ya pasi, alikuwa ameanza kukohoa, na ndivyo anavyoomba neno.

Katibu wa chama hiki cha wakulima wa kahawa ni mimi, Zacharie. Ila hapa bironi, mtaa wa Saio, Bunia, anayekaa karibu na dirisha ni Néhémie. Mimi nakaa karibu na choo. Sasa kuna nafasi ya mkuu wa mawasiliano, na Mama amekwisha kupeleka majina kwa wafadhili wa Kampala. Majina ya nani? Hasemi.

Jumanne, tarehe 5
Nimeanza na kompyuta ya Mama. Anwani, jina la seva, neno la siri. Hilo amenitajia kwa sauti, kama mtu anayeagiza soda. Ikakataa. Nikamwambia ni mvua. Kumbe niliruka herufi moja kwenye jina la seva. Nikairudisha kimyakimya, barua zikamiminika. Mama akapiga makofi!

Néhémie akauliza, mbele ya watu, kama njia ya kupokea barua niliyochagua ni IMAP au POP. Nikamjibu kwamba nimechagua inayofaa. Mashine ilikuwa imejichagulia yenyewe.

Mama alipokwenda kula, nikaliweka sanduku lake kwenye kompyuta yangu pia. Si wizi. Katibu anapaswa kujua mambo mapema. Programu ikaniuliza: IMAP au POP? Nikabonyeza POP, kwa sababu Néhémie alitaja IMAP kwanza.

Jumatano, tarehe 6
Barua zote za Mama ziko kwangu. Nimesoma mpaka chai imepoa. Na leo imeingia ya Kampala! Wanamshukuru kwa kumpendekeza Zacharie. Wanataka Mama athibitishe kabla ya Ijumaa, la sivyo watachukua jina la pili alilopeleka, Néhémie. Nikampigia simu mke wangu. Jeannine akapiga vigelegele, akakimbia kuwaambia wanakwaya.

Halafu Mama akatoka chumbani kwake, uso umemshuka. Sanduku lake tupu. Akauliza kama watu wa Kampala wamemkasirikia. Néhémie akaeleza, bila kuombwa, kwamba huenda kuna kompyuta nyingine inayozivuta kwa POP: inachukua barua na kuzifuta kule kwenye seva. Mama akauliza kompyuta hiyo iko wapi. Nikasema pengine Ulaya.

Alhamisi, tarehe 7
Nikisema, nimejifukuza. Nikinyamaza, Néhémie anakuwa mukubwa wangu. Shida gani hii! Mtu ameshachaguliwa, na barua ya kumchagua ameimeza mwenyewe.

Nimeamua kumjibia Mama. Kutuma kukagoma: seva inataka neno la siri, na Mama amelibadilisha asubuhi. Kwa ushauri wa nani? Sitamtaja. Basi nikatuma kutoka kwa anwani yangu. Nimeandika: "Namthibitisha Zacharie, mtu mwaminifu kuliko wote hapa. Mama Geneviève." Imekwenda! Nimetoka bironi nikipiga mluzi.

Ijumaa, tarehe 8
Kampala wamepiga simu. Wameuliza kwa nini Mama Geneviève anaandika kutoka kwa anwani ya Zacharie.

Mama alikuwa amevaa kitenge cha siku ya wanawake, yuko tayari kwa maandamano. Hakwenda. Aliketi kwenye kiti changu, akafungua kompyuta yangu, akaona barua zake zote, mpaka zile za dada yake mgonjwa. Nilizisoma hizo pia. Akaniambia polepole: "Zacharie, siye tulikuwa tunakuchagua weye. Sasa niambie, weye iko mutu wa namna gani?"

Néhémie hakucheka wala hakukohoa. Alitoka nje ili nisione aibu. Hilo sitamsamehe.

Jumapili, tarehe 10
Kanisani kwaya imenipongeza kwa cheo kipya. Wameimba. Jeannine anajua kila kitu tangu Ijumaa, lakini aliimba sauti ya pili mpaka mwisho, macho kwenye sakafu. Nikawapungia mkono. Nyumbani akaniwekea mboga ya sombe mezani, akaenda kula kwa jirani.

Alhamisi, tarehe 14
Niko Ariwara. Sikufukuzwa, nimehamishiwa depo, ghala la kahawa la chama, kuhesabu magunia. Néhémie ndiye mkuu wa mawasiliano. Mama alipomtangaza hakunitazama hata kidogo. Jeannine amebaki Bunia. Anasema atafikiri.

Msimamizi wa depo ni Mama Régine, mtu wa kucheka, anaogopa kompyuta. Jioni ameniuliza kama ni kweli naweza kumwekea barua pepe. Ameniandikia neno la siri kwenye kiganja.

Nimelala kitandani nikifikiri sana juu ya yaliyonipata. Kosa langu sasa nimeliona, na ni kubwa. Ilikuwa POP. Kwa Mama Régine nitaweka IMAP: inasoma kila kitu na kukiacha palepale. Hatajua hata siku moja.